Kulala fofofo na "fast asleep": mwongozo wa kueleza hisia kali kwa Kiingereza kisichonuka tafsiri

Mwambie mtoto wa darasa la tatu kwamba Juma amelala tii. Atacheka. Mwambie usiku wa jana ulikuwa mweusi fofofo, atakuuliza umetokea wapi. Hakuna mwalimu aliyemwandikia ubaoni kwamba tii ni ya weusi, fofofo ya usingizi, pee ya weupe, chapachapa ya kulowa na chakari ya ulevi. Anajua tu, kwa sababu tangu yuko mgongoni mwa mama yake ameyasikia maneno hayo yakitembea mawili mawili.

Kiingereza kina mambo hayo hayo. Aliyelala fofofo ni "fast asleep", na hiyo "fast" haina mbio yoyote ndani yake. Aliye macho kabisa ni "wide awake". Aliyelowa chapachapa ni "soaking wet", aliyelewa chakari ni "blind drunk", na giza totoro ni "pitch dark". Ukisema "big awake" utaeleweka, lakini Mwingereza atapata mshtuko ule ule unaoupata wewe ukisikia Juma amelala tii.

Jozi hizi za maneno wanaisimu wanaziita kolokesheni. Mimi darasani naziita ndoa za maneno, maana zina sifa zote za ndoa: huwezi kueleza kwa nini huyu alimchukua yule, ila ukimwona na mwingine unajua kuna jambo. Mwaka 1933 Mwingereza Harold Palmer, aliyekuwa akifundisha Tokyo, alitoa ripoti nzima ya ndoa hizo. Mwaka 1957 mwanaisimu J. R. Firth akalisema kwa ufupi: neno utalijua kwa wale linaoandamana nao.

Nafundisha Kiingereza jioni mjini Moshi. Wanafunzi wangu wengi ni waongoza watalii, wapagazi wanaotaka kupanda daraja, na wahudumu wa hoteli. Kuomba chai, kuelekeza njia, kueleza bei, hayo wanayamudu. Wanapokwama ni pale moyo unapohusika: mgeni amefiwa akiwa mlimani, mteja amekasirika, mtu amezimia. Hapo "very" inaanza kumiminika kama maji ya bomba. Mwongozo huu ni ule ninaowapitisha wao, na nimeupanga kwa mpangilio ninaoufuata darasani.

Hatua ya kwanza: anza na Kiswahili chako

Usifungue kamusi bado. Chukua karatasi uandike mambo matano yaliyokugusa mwaka huu, kwa Kiswahili, jinsi ungemsimulia ndugu yako. Usiandike "nilikuwa na huzuni". Andika unavyosema kweli: moyo ulinilipuka, nilifura kwa hasira, yale maneno yalinikata maini, nilikuwa matumbo joto wiki nzima, machale yalinicheza, nikashusha pumzi.

Karatasi hiyo ndiyo silabasi yako. Sababu ni nyepesi: mtu hukumbuka neno alilolihitaji. Orodha ya maneno mia tatu ya hisia uliyoipakua mtandaoni utaisahau kabla bando halijaisha, lakini namna ya kusema "yalinikata maini" kwa Kiingereza hutaisahau, kwa sababu unamkumbuka aliyekukata.

Kwa kukuonjesha tu: maneno yaliyokata maini, "they cut me to the quick". Moyo ulinilipuka, "my heart skipped a beat". Moyo kwenda mbio ni "my heart was racing", na ukidunda mpaka unausikia masikioni ni "my heart was pounding". Kunywea ghafla baada ya habari mbaya, "my heart sank". Kushusha pumzi, "I breathed a sigh of relief". Machozi yalinilengalenga, "tears welled up in my eyes", au kwa kifupi "I was close to tears". Matumbo joto yana sura mbili. Yakiwa ya kusubiri usaili au harusi ni "I had butterflies in my stomach". Yakiwa ya mtoto ambaye hajarudi nyumbani saa nne usiku ni "I was worried sick". Usizichanganye: vipepeo, yaani "butterflies", ni vya jambo ambalo huenda likaisha vizuri.

Na machale? Waingereza nao wanayo, ila kwao yanakaa tumboni: "I had a gut feeling". Kama machale yanamhusu mtu fulani unayemshuku, "I had a sneaking suspicion".

Hatua ya pili: punguza "very"

Neno letu "sana" ni karimu mno. Linamfuata kila mtu: amekasirika sana, amechoka sana, ameshangaa sana. Kiingereza kinagawa. Kuna maneno yenye ngazi, ambayo unaweza kupanda na kushuka, na kuna maneno yaliyokwisha kufika dari. "Angry" ina ngazi, kwa hiyo "very angry" ni sawa. "Furious" iko darini. Haipandishwi tena, inathibitishwa tu: "absolutely furious". Fikiria Kiswahili: mgonjwa anaweza kuumwa sana, lakini hakuna anayesema "amefariki sana".

Kwa hiyo soma jozi hizi kwa sauti, kila moja mara tatu, mpaka ulimi uzoee kubadilisha gia: "very tired", "absolutely exhausted". "Very scared", "absolutely terrified". "Very sad", "absolutely heartbroken". "Very surprised", "absolutely astonished". "Very happy", "absolutely delighted". Ukisahau neno liko upande gani, tumia "really", ambayo inakaa kote kote: "really tired", "really exhausted". Ni kimbilio la halali, usione haya kulitumia.

"Utterly" nayo ina nguvu kama "absolutely", ila ina marafiki wabaya. Bill Louw, aliyekuwa mhadhiri Chuo Kikuu cha Zimbabwe, alionyesha mwaka 1993 kwamba neno hilo mara nyingi huonekana penye balaa: "utterly miserable", "utterly exhausted", "utterly ridiculous". Ukimwandikia bosi wako kwamba umefurahi "utterly" na nyongeza ya mshahara, anaweza kudhani unamkejeli.

Halafu kuna "highly", ugonjwa wa barua zetu za ofisini. Tumeizoea kwenye "highly appreciated", tukadhani inafaa kote. Haifai. "Highly" hupenda mambo ya kupima na ya maoni: "highly recommended", "highly unlikely", "highly qualified". Ukitoa chache kama "highly amused", haikai na hisia. "I am highly sad" nimeisoma kwenye rambirambi zaidi ya mara moja, na kila mara nimeona kama mtu amekuja msibani na tai ya harusi.

Hatua ya tatu: jifunze ukoo, usijifunze neno moja moja

Kuna vielezi vichache vinavyobeba kazi kubwa. Nitakaa kwenye viwili vinavyochanganya, vingine nitavipitia.

"Deeply" ni ya kina cha moyo. Inaandamana na kuguswa, kuumizwa, kushukuru, kuona aibu na kuwa na wasiwasi: "deeply moved", "deeply hurt", "deeply grateful", "deeply ashamed", "deeply concerned". Ina heshima ndani yake, ndiyo maana hotuba na barua rasmi zimejaa hiyo.

"Bitterly" ndiyo ninayoipenda kuifundisha, kwa sababu Kiswahili kinakupa ufunguo bure. "Bitter" ni chungu, na sisi tunalo neno uchungu linalofanya kazi hiyo hiyo ya ulimi na ya moyo. Popote ambapo kwa Kiswahili ungesema kwa uchungu, jaribu "bitterly" kwanza: "bitterly disappointed", "she wept bitterly", "they complained bitterly". Kuna moja tu ambayo uchungu wetu hauifikii: baridi kali nayo ni "bitterly cold". Waliolala kambi za juu Kilimanjaro usiku wa kwenda kileleni watanielewa.

Sasa tazama viwili hivi vikigombea neno moja. Kujuta ni "regret". Inaweza kuolewa na "deeply" na pia na "bitterly", lakini si nyumba moja. Kampuni inayochelewesha ndege inasema "we deeply regret the delay". Hakuna anayelia pale, ni adabu ya kazi. Mtu aliyeuza kiwanja cha baba yake kwa bei ya kutupa, leo anapita anaona ghorofa, huyo husema "I bitterly regret selling it". Ukibadilisha, kampuni itaonekana inagaragara chini kwa kilio, na wewe uliyeuza kiwanja utaonekana kama msemaji wa wizara.

Waliobaki kwa haraka. "Desperately" ni ya mtu aliyeishiwa: "desperately lonely", "desperately worried", "desperately poor". "Madly" na "hopelessly" ni za mapenzi, "madly in love", "hopelessly in love". Na kwa wivu wa mapenzi tumia "insanely jealous". Wivu wa mali, kile tunachokiita kijicho, Waingereza wanakipa rangi ya kijani: "green with envy". "Immensely" ni nzuri kwa fahari, "immensely proud", na "fiercely" ni ya mtu anayelinda kitu: "fiercely loyal". "Visibly" itumie ukiwa umemwona mtu kwa macho yako na hujui kilicho ndani: "he was visibly shaken". Wanaoandika ripoti za ajali waishike hiyo, maana inakuepusha kudai unajua moyo wa mtu.

Hatua ya nne: nani amemshika nani

Sikiliza jinsi tunavyosema: nilishikwa na hofu, nilipandwa na hasira, nilijawa na furaha, nilipigwa na butwaa, nilipatwa na fadhaa. Kwetu hisia ni mgeni anayeingia bila hodi, na kila mgeni ana mlango wake. Hasira hupanda, hofu huingia au hushika, butwaa hupiga. Ukisema "nilipandwa na butwaa" watu watageuka.

Kiingereza kina picha hiyo hiyo, kwa hiyo usiogope, ila milango imepangwa tofauti. Hofu inashika kama kwetu: "gripped by fear". Taharuki inanyakua: "seized by panic". Huzuni na hisia kwa jumla zinalemea: "overcome with grief", "overcome with emotion". Furaha, na kihoro cha jambo linalokuja, zinajaza: "filled with joy", "filled with dread". Wivu, chuki na hatia vinakula kama moto: "consumed by jealousy", "consumed by guilt". Hatia ikizidi inatesa kama maumivu ya mifupa: "racked with guilt".

Hasira inapopanda ghafla unasema "he flew into a rage". Hasira iliyofungiwa ndani, ya mtu aliyefura hajasema neno, ni "seething with anger", na "seethe" yenyewe ni kuchemka, sawa kabisa na damu yetu inayochemka. Kushindwa kujizuia ni "lose your temper". Si "lose your anger". Hiyo inamaanisha hasira imeisha, kinyume cha ulichotaka.

Kuangua nako kuna mtego mdogo. Kwa Kiswahili tunaangua kilio na tunaangua kicheko, kitenzi kimoja. Kwa Kiingereza ni "burst into tears" lakini "burst out laughing". Unaweza kusema "burst out crying". Ila "burst into crying" hapana. Andika hizo mbili ukutani, juu ya kioo unachonyolea ndevu.

Kuna pia vipimo vya hisia, kama sisi tunavyosema chembe ya matumaini. Kile kichomi kifupi cha hatia au wivu ni "a pang": "a pang of guilt", "a pang of jealousy", na njaa pia, "hunger pangs". Furaha haina "pang". Hisia inayopanda kama maji ya mafuriko ni "a surge": "a surge of pride", "a surge of anger". Inayokuja na kukupitia ni "a wave": "a wave of relief", "a wave of grief". Na chembe ya matumaini ni "a glimmer of hope".

Hatua ya tano: makosa yetu sisi

Haya hayamo kwenye vitabu vilivyoandikwa London, kwa sababu Mjapani au Mfaransa hayafanyi. Ni yetu.

Kwanza, "kusikia". Sisi husikia baridi, husikia njaa, husikia uchungu, na husikia harufu. Mwanafunzi wangu mmoja, kijana mwerevu kabisa, aliwaambia wageni porini "I am hearing a bad smell". Wageni walitega masikio. Sikio la Kiingereza halina kazi hizo: baridi na njaa ni "feel", harufu ni "smell".

Pili, na hili ndilo linaloharibu urafiki: "I felt bad". Mtu akikutukana, Kiswahili kinaruhusu kusema ulijisikia vibaya. Ukiitafsiri "I felt bad when you said that", Mwingereza anaweza kusikia kwamba wewe ndiye unayejilaumu, kwa kuwa "feel bad about something" kwake ni kujuta au kuona hatia. Ulichotaka kusema ni "I was hurt", au kwa uzito zaidi "I was deeply hurt". Nimeona mhudumu akimweleza meneja wake mgeni kwamba amedhalilishwa mbele ya wateja, akasema "I felt very bad". Meneja akamjibu kwa upole asijali, kila mtu hukosea. Yule dada alitoka pale ameumia mara mbili.

Tatu, "kushtuka". Neno hili kwetu ni jumba lenye vyumba vingi, na Kiingereza kimepangisha kila chumba kwa mtu wake. Mlango umegongwa ghafla ukaruka: "I was startled". Umesikia rafiki amefariki: "I was deeply shocked". Umesikia nyayo nje ya hema usiku ukaingiwa na wasiwasi: "I was alarmed". Na kuna kushtuka kwa nne, kule kwa kugundua: nimefika stendi, nikashtuka, simu haipo. Hapo "shocked" haitoshi, kwa sababu jambo limetokea kwenye akili kabla ya moyo: "it suddenly hit me that I had left my phone behind".

Hatua ya sita: kujua, kuhisi, kuzinduka

Chumba hicho cha nne ndicho mlango wa sehemu ambayo wengi huiruka: maneno ya ufahamu. Nitakaa hapa kidogo.

Neno kuu ni "aware", na kwanza tengeneza kiungo chake. Ni "aware of" jambo au "aware that" jambo limetokea. Afrika Mashariki nzima tunasema "aware about", usiifuate. Kisha angalia wanaoandamana nalo, kwa maana kila mmoja anabadilisha sauti ya sentensi.

"Fully aware" ni ya mtu anayejua jambo pamoja na matokeo yake. Ni lugha ya fomu na mikataba: anayepanda mlima husaini kwamba yuko "fully aware of the risks". "Well aware" inamaanisha nilikwisha kujua, na ina mwiba. Bosi akikukumbusha ratiba nawe ukajibu "I am well aware of that", umemwambia kwa adabu ya juu juu kwamba hana haja ya kukufundisha kazi. Kama hukukusudia, sema "Yes, thank you, I saw it". "Acutely aware" na "keenly aware" ni za kujua kwa ukali, kama ngozi iliyochunwa. Jambo halikutoki akilini. "Painfully aware" ni pale unachokijua kinakuaibisha au kinauma: "I was painfully aware that everyone was looking at my shoes". "Vaguely aware" na "dimly aware" ni za mtu aliye nusu usingizi, anasikia sauti kwa mbali. Na tamu kuliko zote ni "blissfully unaware", ya yule anayecheka na kula nyama choma wakati wote mezani wameshajua gari lake linavutwa.

"Raise awareness" ni ya kampeni: malaria, mazingira, haki za watoto. Usiitumie kwa mtu mmoja. Mtu mmoja unamwambia tu, au kwa barua rasmi "I would like to make you aware that".

Kuzinduka kuna vitenzi vyake, na vingi vinaanza na "it", kama sisi tunavyosema limenijia au imeniingia. Wazo lililopita kichwani: "it crossed my mind". Wazo lililokuja: "it occurred to me". Ukweli uliopambazuka polepole: "it dawned on me", na "dawn" ni alfajiri, kwa hiyo picha ni ile ile ya kupambazukiwa. Ukweli uliokupiga kofi: "it hit me". Habari nzito ambayo bado haijakuingia: "it hasn't sunk in yet". Hiyo ya mwisho utaihitaji msibani na pia siku ya kupata viza.

Sasa kisa nilichoahidi darasani kwamba nitakirudia kila mwaka. Mwongozaji mmoja, mwanafunzi wangu, alikuwa na mteja aliyezidiwa na ugonjwa wa kimo, ule unaowapata watu wakipanda juu sana mlimani, akiwa juu ya mita 5,000, kileleni Uhuru kwenye mita 5,895 hawajafika. Mteja alizimia dakika chache, wakamteremsha, akapona. Kijana akaandika ripoti kwa kampuni ya bima ya ng'ambo. Kupoteza fahamu akaandika "the client lost his senses". Simu ikapigwa. Daktari alitaka kujua: mteja alikuwa anapigana? Alivua nguo? Alikuwa anaongea na watu wasiokuwepo? Kwa maana "lose one's senses" ni kurukwa na akili. Na jambo si la mzaha, kwani kwenye ugonjwa wa kimo kuchanganyikiwa ni dalili yenyewe ya ubongo kuvimba, na tiba yake inaanza kwa kushuka papo hapo. Maneno matatu yalimpa daktari mgonjwa mwingine kabisa.

Kwa hiyo wanaofanya kazi na watu walio hatarini wakariri hizi kama namba za simu. Kupoteza fahamu, "lose consciousness". Kuzinduka, "regain consciousness", au kwa mazungumzo "come round". Anazimia na kuzinduka, "drifting in and out of consciousness". Hajibu ukimwita, "unresponsive". Anachanganya mambo, "confused". Hajui yuko wapi, "disoriented". Usipambe. Hapa si mahali pa "extremely".

Hatua ya saba: hakiki kabla ya kutumia

Utajuaje kama ndoa fulani ipo au umeifungisha wewe? Kuna mahali pa kuuliza, bure. Chombo ninachowapa wanafunzi kwanza ni SKELL, tovuti inayofunguka hata kwenye simu ya kawaida na haidai kujisajili. Unaandika neno, inakuletea sentensi halisi. Ukibonyeza sehemu iliyoandikwa "Word sketch", inakupangia marafiki wa neno hilo kwa makundi: sifa zinazolitangulia, vitenzi vinavyolitumia, na kadhalika.

Tujaribu na "regret" kama nomino. Kwenye sifa utakuta "deep" na "bitter", tunazijua tayari, na "biggest", kama kwenye "my biggest regret". Kwenye vitenzi utakuta "express", yaani "express regret", lugha ya serikali na mabalozi, na "have", ya watu wa kawaida: "I have no regrets". Dakika tatu, na umeona neno likiwa nyumbani kwake.

Ukitaka kuchimba zaidi kuna COCA, hazina ya Kiingereza cha Marekani yenye maneno zaidi ya bilioni 1, ya kuanzia mwaka 1990 hadi 2019. Hiyo inataka kujisajili. Uzuri wake ni kwamba inatenganisha mazungumzo, riwaya, magazeti na maandishi ya kitaaluma, kwa hiyo unaona kama neno ni la mtaani au la maktaba. Ukiwa huna muda, weka maneno mawili ndani ya alama za mtajo kwenye mtambo wa kutafutia usome waliyoyaandika ni akina nani. Ikiwa ni watu wanaojifunza kama wewe, kimbia.

Programu za kutafsiri mimi sizikatazi, ila ziulize sentensi nzima, kamwe usiziulize neno moja. Ukiandika "uchungu" peke yake utapewa chochote.

Hatua ya nane: daftari

Daftari la msamiati tulilofundishwa shuleni lina safu mbili: neno kushoto, maana kulia. Lichome. Kwa kazi hii, kila ukurasa ubebe vitu vitatu: sentensi ya Kiswahili kutoka karatasi yako ya kwanza, sentensi ya Kiingereza yenye ndoa nzima ndani yake, na mstari mmoja wa onyo. Hivi ndivyo unavyoonekana ukurasa mmoja wa mwanafunzi wangu:

"Shemeji alifura kwa hasira, hakusema kitu. My brother-in-law was seething with anger but he said nothing. ONYO: akianza kupiga kelele siyo seethe tena, ni fly into a rage."

Ona hilo onyo. Ndilo linalofundisha.

Kurudia kufanyike kwa kufunika. Funika kielezi, acha nafasi, "I was ______ disappointed", ujaze kwa sauti. Rudia kesho, kisha baada ya siku tatu, kisha baada ya wiki. Mwenye simu anaweza kuweka haya kwenye Anki, programu ya kadi za kukariri, ambayo hukupangia siku za kurudia yenyewe. Ndoa tano kwa wiki zinatosha. Wanaonijia na ishirini huwa siwaoni mwezi unaofuata.

Na kuna jambo la kiasi. Ukishapata silaha hizi utataka kuzipiga zote siku moja. Waingereza hasa wana tabia ya kupunguza: mtu ambaye nyumba yake imeingia maji atakuambia yuko "a bit upset", na meneja aliyekasirika kweli kweli atasema "I'm not very happy about this". Ukisikia hivyo usidhani ni dogo. Kwa Wamarekani unaweza kupandisha sauti kidogo zaidi.

Kuhusu pole

Nimeliacha mwisho kwa sababu halina dawa kamili. Neno pole halipo kwa Kiingereza. Mgeni akijikwaa nawe ukasema "sorry", anakujibu "it wasn't your fault", na wote wawili mnabaki mnatazamana. Kwa kujikwaa sema "Are you all right?" Kwa anayeumwa, "I hope you feel better soon". Kwa kazi nzito, ile pole na kazi, hakuna kitu, tabasamu.

Kwa aliyefiwa, ana kwa ana, sema "I'm so sorry for your loss", kisha nyamaza. Kwa barua, "I was deeply saddened to hear of your mother's death. Please accept my heartfelt condolences". Andika uhusiano, mama, baba, mke, kama unaujua. Na kama ulimfahamu marehemu, ongeza sentensi moja ya kitu ulichomwona akifanya, kwa Kiingereza chepesi kabisa kisicho na kielezi hata kimoja: "She taught me to make tea without sugar."